Alama Mbili

Oulu, mwezi wa kumi na mbili. Jua huchungulia saa nne
na saa nane limeshaaga.
Sisi wasoma picha hata hilo hatulioni:
chumba chetu kiko chini ya ardhi, hakina dirisha,
taa zimefifishwa ili weusi uwe weusi kweli.

Kila mwezi kompyuta hupiga kura,
huchomoa picha zako kumi za zamani,
ikampa mwenzako azisome upya
na kuzitilia alama, moja hadi nne.
Moja: tumekubaliana.
Nne: hili halikupaswa kumpita mtu.

Alhamisi karatasi yangu ilirudi.
Picha ya kifua, Machi, saa kumi alfajiri,
mwanamume, miaka hamsini na minane, anakohoa.
Niliandika: Mapafu safi. Moyo wa kawaida.
Na chini yake Tuulikki, kwa mwandiko wake wa kuinama:
"Alama mbili. Nami huenda ningepita."

Huenda.

Nikaifungua picha.
Nyuma ya mtulinga wa kushoto, pale unapokatiza ubavu wa kwanza,
doa, halizidi punje ya mbaazi,
limejibanza kama mgeni aliyekosa kiti.
Sasa ni hilo tu ninaloliona.
Mapafu yote mawili yamekuwa ukuta wa kulitundikia.

Nilimkuta chumba cha kahawa, akichovya mkate wa iliki.
"Usinifunike shuka," nilimwambia. "Hii ni tatu. Pengine nne.
Veijo Ruuskanen anapasuliwa Jumatatu."
Hakuharakisha. Ana miaka ishirini na sita ya giza lile,
alimaliza kutafuna kwanza.
"Nimelikalia dakika kumi na moja," alisema.
"Lakini faili lilinijia na picha ya Novemba,
ambamo doa limeshakuwa ngumi.
Ukishaambiwa nyoka yumo, kila kamba ina kichwa.
Sikukuhurumia, Ensio. Sijui tu.
Nimeandika kutojua kwangu."

Nilitaka anikemee. Kukemewa kungekuwa rahisi.
Nyani haoni kundule, sawa,
ila hakuna aliyesema nyani mwenziwe
huliona kwa tochi ya nani.

Basi tukaichanganya na nyingine thelathini na tisa,
tukafuta jina, tukafuta tarehe,
tukampa Aapeli, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
bila kumwambia anatafuta nini.
Tukasimama nyuma yake
kama wazazi mlangoni mwa chumba cha mtihani.
Ya kumi na saba ndiyo ilikuwa yetu.
Akaipita.
Nilisikia pumzi ikinishuka, nikaionea aibu.
Kwenye ya kumi na tisa akasita. Akarudi nyuma, moja, mbili,
akainua kidole bila kukigusisha kioo.
"Hapa," alisema. "Labda."

Tuulikki akafuta mbili, akaandika tatu.
Kisha akaongeza, herufi zikiinama zaidi:
"Huonekana kwa anayerudi."
Nikatia sahihi. Nikapanda ngazi hadi wodi ya tano,
nikamwambia Ruuskanen mwenyewe,
kwa mdomo wangu, si kwa barua.

Yeye ni dereva wa trekta la kuzoa theluji. Ana mikono mizito,
aliiweka juu ya blanketi kama vifaa vya mtu mwingine.
Alikaa kimya. Kisha akauliza jambo moja tu:
"Ilikuwa saa ngapi?"
"Saa kumi alfajiri."
"Mimi nilikuwa nimetoka kazini," alisema.
"Wewe ulikuwa bado uko kazini."
Sikujua kama ni msamaha au ni shtaka.
Sijajua bado.

Usiku huu niko zamu. Picha ya sitini na mbili.
Juu, nje, trekta linakwangua barabara ya hospitali,
analiendesha nani sasa, sijui.
Linakwenda hadi mwisho, linageuka,
linapita tena palepale.