Kitufe chenye Ua

Bwana Tullio wa Trieste kaniandikia mistari miwili:
"Kutu unayonidai sijaiona.
Nitumie picha, au punguza bei."

Ya simu nilikwisha mtumia. Ilitoka ukungu mtupu,
kama uso juu ya sufuria inayochemka.

Mimi ni fundi wa ndimi.
Ndimi za chuma, za akodiani,
nyembamba kuliko ukucha wa mtoto;
nazikwangua kwa tupa mpaka ziseme kweli.
Miaka thelathini na minne hapa Castelfidardo,
na leo naambiwa mwongo ni ulimi wangu.

Nikahesabu: yuro tisini, ndani ya kopo la skrubu.
Nikapanda basi hadi Ancona,
ulimi wa Tullio nimeufunga kwenye leso
kama jino lililong'oka.

Dukani, kijana Loris akanionyesha ya kwanza.
"Hii, mama, inauvuta mwezi mpaka kiganjani."
Mwezi sijawahi kuletewa kuutengeneza.
"Na karibu, inasogea kiasi gani?"
Akapekua karatasi. Nusu mita.
Nusu mita! Huko ni kumjulia hali mgonjwa
ukiwa ng'ambo ya barabara.

Ya pili, mia nne na kitu:
niliirudisha kabla mkono haujaizoea.
Ya tatu ilipiga taa yake, chuma chote kikawa theluji.
Loris akataja pikseli, milioni kwa milioni,
ananipimia gunia la mchele
nami nimekuja kuomba chumvi.

Kwenye kapu la mitumba, chini ya nyaya,
ilikuwamo ndogo, ubavu umechubuka,
yuro sitini na tano, bila chaja.
Kitufe chake kimoja kimechorwa ua.
Rahisi ghali, nilijiambia,
ila kidole kilikuwa kimeshabonyeza.
Lenzi ikasogea, ikasogea,
nikaogopa itagonga chuma.
Sentimita moja. Ikatulia, ikalia: pii.

Usiku, taa ya meza,
karatasi ya kuokea keki ya kupoza mwanga,
pumzi nimeibana.
Hiyo hapo kutu, Bwana Tullio!
Nyekundu, imelitafuna shina la ulimi kama mchwa.
Nilicheka peke yangu.

Lakini chini yake kidogo, mkwaruzo.
Mrefu, umelalia kushoto.
Mji huu wenye kushika tupa kwa kushoto tulikuwa wawili,
na Argia alikufa kabla akodiani hii haijaundwa.

Nikafungua daftari. Machi, miaka kumi na moja nyuma:
jina lake, *la* ya juu,
na kwa mwandiko wangu: "haraka, ana harusi kesho."

Mkwaruzo hutunza unyevu.
Unyevu huita kutu.

Ningeweza kuikata picha ukingoni;
kitufe cha kukatia kipo, nimekiona.
Nilimtumia nzima,
na bei mpya chini yake:
ya chuma tu, mkono bure.

Kamera ipo mezani, jicho wazi.
Sitini na tano.
Haijui nani kailipia.