Kemshafti Mbili za Semkiwa

Nimezilaza zote mbili juu ya gunia,
hapa Ngamiani, mlango wa gereji ukiwa nusu wazi
kwa sababu ya jua.
Zichungulie, Semkiwa. Usiniangalie mimi.

Hii, nundu zake zimetulia, mviringo wa yai la kuku wa kienyeji.
Ile zimechongoka, kama goti la mtu aliyetoka homa.
Zinapishana milimita mbili na nusu.
Unacheka. Milimita mbili!
Valvu haicheki. Valvu inajua
mlango uliofunguliwa na mlango uliosahauliwa wazi.

"Fundi Mwanahija, nataka ile inayonguruma."

Najua unachotaka.
Nakuuliza unapita wapi.

Jumamosi mnakimbia kwenye njia za mkonge,
kutoka Pongwe mpaka kule reli inapokata,
kona, vumbi, kona, mtaro, kona.
Kila kona unatoka na gia ya pili,
mshale uko elfu tatu, umechoka.
Ile kali haijaamka bado saa hiyo.
Inaamka elfu sita,
na elfu sita, mwanangu, utaipatia wapi?
Labda barabara ya lami ya Muheza,
na pale kuna trafiki.

Tena kemshafti haiolewi peke yake.
Ukiioa ile, umeoa ukoo mzima:
springi ngumu, kabureta ya midomo miwili,
bomba pana la moshi, na petroli,
petroli kama mgeni asiyeaga.
Korola yako ina pistoni za mwaka niliozaa kitinda mimba.
Sijasema mbaya. Nimesema za zamani.

Mbio za sakafuni kila mtu anajua zinaishia wapi.
Za kwenye mkonge ni hesabu.
Nimekuchorea hapa, nyuma ya risiti ya Saccos:
inapofungua, inapofunga,
na hapa katikati, valvu zote mbili zikiwa wazi,
pumzi inaingia na kutoka bila kufanya kazi,
kama maneno yangu sasa hivi.

Basi.
Hela ni yako. Nimekufungia ile kali.

Jioni tukaiwasha.
Ilisimama ikitetemeka, du-du, kimya, du-du,
chai yangu ikachora duara ndani ya glasi,
spana kumi na mbili ikatembea yenyewe mezani ikaanguka.
Watoto wa jirani wakaja mbio.
Na mimi,
miaka ishirini na sita mikono ndani ya oili,
mimi niliyekuchorea hesabu,
nilisikia nywele za shingoni zikisimama
nikageuka kutafuta kitambaa nisichokihitaji.

Nenda.

Ile ya mayai nimeipaka grisi,
nimeizungushia gazeti la Jumatano,
nimeandika SEMKIWA kwa chaki ya bluu.
Iko rafu ya chini, nyuma ya gasketi.
Jumatatu nafungua saa mbili.