Ufunguo Mfukoni

Gereji ya Nyegezi, saa saba mchana.
Mawe ya mlimani yanatokota,
paa la basi linaunguza magoti,
na Lugembe ananifundisha baridi.

"Kwanza ufunguo."
Anautumbukiza mfuko wa shati, anafunga kifungo.
"Feni haina macho.
Mkanda haujui jina la mama yako."

Chini, dereva anafoka:
abiria wa Bukoba wameshakaa, watoto wanalia joto!
Lugembe hageuki.
Ananivisha miwani iliyochubuka,
glavu ni jozi moja; leo ni zangu,
yeye anasogea nyuma.

"Fungua taratibu. Uso pembeni."
Mpira unatetemeka, gesi inarudi mtungini.
Tone moja linaponyoka,
linatua kwenye glavu, jeupe kama chumvi.

Hapo ndipo ananionyesha mkono wa kushoto,
vidole viwili visivyotofautisha
chai ya moto na maji ya ziwa.
"Siku ile nilikuwa na haraka," anasema.
"Wala haikuwa yangu."

Saa tisa basi linaondoka, madirisha yamefungwa,
bibi mmoja amejitanda khanga, anatetemeka.

Nanawa kwa sabuni ya unga.
Nahesabu.
Kumi.