Mbiu ya Mfereji

Nimetangaza misiba, watoto waliopotea Mnyamani,
maji kukatika, chanjo, mbuzi mweupe wa Pazi.
Elfu tano kwa mzunguko, betri juu yangu.

Mwezi wa pili mradi ukanipa karatasi.
Nikaisoma kama ilivyo, kutoka machinjioni hadi relini:
"Ustahimilivu jumuishi wa miundombinu
kwa maendeleo endelevu ya bonde!"
Watoto wakanifuata nyuma wakiitikia, "Vu! Vu!"
Muuza mihogo akauliza kama ni dawa ya mbu.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.
Ililia. Jambo likabaki kwenye karatasi.

Ni Mwamvita, fundi cherehani, aliyenishika mkono:
"Wewe, acha hayo. Mfereji huo
utaniletea maji au utayapeleka?"
Nikaitazama karatasi, mbele na nyuma.
Hata neno maji halikuwamo.

Basi nikalibeba swali lake hadi kontena la wahandisi,
bila kipaza,
kama mtoto wa shule na yai lake kwenye kijiko.
Injinia Nkwabi alikuwa na ramani, mistari ya buluu imenyooka.
Akaniuliza, "Kwani maji hupita wapi?"
Nikamwambia sijui; mimi kazi yangu kusema.

Akaja mwenyewe, viatu mkononi.
Mwamvita akamwonyesha ukuta: alama za tope
juu ya pedali, juu ya meza,
chini kidogo ya picha ya harusi.
"Hapa Aprili. Hapa Desemba. Hapa tulilala juu ya bati."
Jirani akaongeza lake. Na jirani wa jirani.
Kijana wa machinjioni akasema
kalavati limezibwa na pembe za ng'ombe,
jambo ambalo ofisi nzima haikulijua
na mtaa mzima ulidhani ofisi inalijua.

Mstari wa buluu ukapinda.

Sisemi mvua haikunyesha. Ilinyesha siku tatu.
Uani kwa Pazi maji yaliingia,
na bado tunalizungumza, wala si kwa upole.
Lakini kila Alhamisi huja na majembe yao
watu wasiolipwa na yeyote,
wakazibua mfereji wanaouita wetu.

Nami siku hizi, nikishapiga mbiu,
betri zikichoka, nakunja koni ya boksi.
Ncha nyembamba siiweki mdomoni.
Naiweka sikioni,
nasimama mlangoni kwa Mwamvita,
nangoja cherehani inyamaze.