Mto wa Kaije

Honda yangu ina umri wa mwanangu wa pili
na adabu zao ni moja:
asubuhi haiamki mpaka uipige teke mara tatu,
ya nne inakohoa,
ya tano inakubali shingo upande.

Lakini injini haina lawama. Injini Ngwali anaijua
kama anavyoyajua madeni yangu, kwa vidole.
Pale Limbani, kwenye kibanda chake cha mabati,
huichomoa plagi, huipuliza, huinusa,
"Hii imekula masizi, yakhe,
kama bwana wake alivyokula za watu,"
kisha huisugua kwa msasa, ikawaka.

Tatizo ni siti.
Sponji limekwisha. Kilichobaki ni ngozi na bati,
na baina ya ngozi na bati, mimi.
Wete mpaka Konde mashimo yote nayajua kwa majina:
hili Mkwe, lile Karani,
na lile pana mbele ya skuli tunaliita Mahari,
kwa kuwa kila mwaka linapanda.

Chumu, mwenye pikipiki mpya ya mkopo,
akaniandikia kwa chaki mlangoni mwa kibanda:

*Shaame na siti yake, jiwe lisilo huruma,*
*Ameketi kwa makeke, ameshuka akihema,*
*Atafuta nyonga zake, moja imeshamhama,*
*Tumuombee mwenzetu, apate kukaa vyema.*

Watu wakacheka hata muuza kahawa akasahau chenji.
Siku mbili nzima nikatafuta jibu.
Mshororo wa kwanza niliupata,
wa pili vina vikanikataa,
nikaona bora nitengeneze siti.

Wataalamu hawakosekani.
Mmoja akasema usumba, wa makumbi yaliyofukiwa pwani,
huo haubonyei hata ukikaliwa na kontena.
Masoudi wa duka la dawa akasema tia tyubu ya baskeli,
ijaze upepo kidogo.
Tukaijaribu. Tuta la kwanza likanirusha,
nikatua baada ya pikipiki kupita.
Ngwali, spana mdomoni, uso hakuuinua:
"Sufi."

Nyumbani kwangu sufi ipo pahala pamoja tu.
Kaije alikuja nayo kutoka kwao Kojani
ndani ya mto wa foronya ya maua,
mzito, una harufu ya asumini na mafuta ya nazi.
Nikautoa Alhamisi, mwenyewe yuko harusini.

Ngwali akashona kwa sindano ya magunia.
"Umeomba ruhusa?"
"Nimeomba."
"Kwa nani?"
Nikatazama mnyororo kama ndiyo kwanza niuone.

Basi nikalipita shimo la Mahari
kama mtu anayekanyaga blanketi.
Chumu akaomba akalie. Akakaa.
Akanyamaza,
jambo ambalo Wete haijaliona tangu ije lami.
Akaufuta ubeti wake kwa kiganja,
akauacha mshororo wa mwisho.

Jumamosi Kaije akataka kwenda Konde kwa shangazi yake.
Akakaa upande, buibui kalikusanya magotini.
Tuta la kwanza kimya. La pili kimya.
Baada ya la tatu, nyuma ya sikio langu, taratibu,
kama anayeuliza bei ya samaki asiyetaka kumnunua:
"Shaame. Huu mto naujua."

Nikatafuta gia, gia ikanikimbia.
Katikati ya mlima injini ikazima yenyewe,
haikutaka kuwa shahidi.
"Shuka kidogo, nisukume," nikamwambia.
"Sishuki. Nimekalia changu."

Nikasukuma.
Jasho likaingia machoni, kiatu kimoja kikabaki nyuma,
naye juu kama bibi harusi
anaitikia salamu za wapita njia, mmoja mmoja,
anawauliza na watoto hawajambo.

Na huko chini ya mlima, sijui nani kamwambia,
nikaisikia pikipiki ya Chumu
inapanda polepole, gia ya kwanza,
mwenyewe anatafuta vina.