Shingo ya Nondo

Baba aliziainisha metali kwa sikio.
Pale Kamukunji, kibanda cha kumi na tisa,
hakuwa na jedwali wala kitabu cha fomula.
Aligonga bati, akalisikiliza, akalitupa kushoto.
Aligonga ekseli ya lori, mlio ukakaa hewani,
akailaza kulia, pamoja na vitu alivyoviita vyenye akili.
Chuma cha kutupwa alikiita mwana wa tajiri:
kigumu kwa maneno, kikidondoka sakafuni ni vipande.
Shaba nyekundu ni mpole, ifue utakavyo,
ila ukiigonga mno ikiwa baridi, hununa.
Kioo na kigae hakuvigusa.
"Hivyo havijui kuinama."
Plastiki aliwaachia watoto.

Mimi nilivisoma upya chuoni, kwa majina ya darasani:
ugumu, unyumbufu, ukinzani, uchovu.
Uchovu! Nilicheka nilipoukuta kwenye mtihani.
Mzigo mdogo, usioweza kuvunja kitu,
ukirudiwa mara milioni.
Nyundo ya Baba ilirudiwa miaka thelathini na mmoja.
Kilichopasuka ni masikio.

Leo amefika maabara, Barabara ya Lunga Lunga,
kuniletea funguo nilizosahau.
Mezani pana vipande sita vya nondo za kontrakta Gathungu:
jengo la ghorofa saba, Pipeline,
nne zimeshapanda.
Kipande cha kwanza mashine imekwisha kukivuta. Namba imepita,
imepita kama mtu apitaye mlangoni kwa ubavu.
Baba anaokota cha pili, anakiuma kwa magego,
anagonga ncha kwa ufunguo wangu,
anafumba macho.
Siku hizi husikia hivyo, kwa mifupa ya fuvu.
Anakitema.
"Hiki hakitaaga."

Chuma chema huaga, Ndinda, aliwahi kuniambia.
Hunyooka kwanza. Huota shingo nyembamba.
Ukuta hupata ufa, mlango hukataa kufungika,
mama akatoa watoto,
mtu akawahi hata godoro.

Nikakibana kwenye taya za mashine.
Ta!
Hakuna shingo. Mkato bapa,
unametameta kama sukari.

Kwenye fomu ipo safu ya urefu ulioongezeka.
Gathungu ameshaijaza kwa penseli, vipande vyote sita,
"kukupunguzia kazi, dadangu."
Nje lori lake linanguruma, halijazimwa.
Muhuri uko karibu na mkono wangu: kijiti na mpira,
kitu laini kuliko vyote humu ndani,
na juu yake watu wanataka kulala.

Nafuta penseli. Inachukua muda; aliikandamiza.
Karatasi inakaribia kutoboka.
Naandika nilichokiona.

Honi inapigwa, inapigwa tena.
Baba haisikii.
Amekaa kwenye kigoda cha sampuli
na funguo zangu, moja baada ya nyingine,
anazigonga kwenye jino,
anazitenga.