Mstari wa Kumi

Tarehe sita, Njombe. Ukungu umeingia mpaka dukani
ukakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayedai.
Mashine tisa za kufuma zimenyamaza.
Kesho ni saba, na saba haisubiri umeme,
haisubiri mtandao, haijali kwamba shule moja ya Uwemba
haijanilipa masweta mia mbili ya kijani
inayoyavaa tangu Februari.

Nimefungua boksi la viatu. Mna mwaka mzima humu:
risiti za nyuzi kutoka Makambako, za mkaa, za kupakia mzigo,
na nyingine nyeupe tupu pande zote mbili,
wino umekwenda kama sakitu kwenye majani ya viazi
jua likishapanda.
Afisa aliyekuja Juni aliinua moja kwenye mwanga,
akairudisha taratibu, kwa adabu.
"Mama Kihwele, hii karatasi inasema nini?"
Nikasema, inasema laki nne na themanini.
"Inasema kwako," akajibu. "Kwangu haisemi."
Ndivyo nilivyokadiriwa faida nisiyowahi kukutana nayo.
Sikumchukia. Alikuwa na kikohozi. Nilimpa chai ya tangawizi
asiinywe, asije akaonekana ameinywa.

Yako na ya kuchekesha.
Ambakisye nilimwongeza mshahara mwezi wa nne,
miaka minane anashona vifungo hajaomba kitu.
Mwisho wa mwezi akahesabu mara mbili, akaganda mlangoni:
"Mama, umenipandisha halafu umenikata?"
Nikamweleza kuna mstari, ukiuvuka unachangia.
Akauliza mstari wenyewe uko wapi,
arudi upande aliotoka.

Na mwalimu mkuu, yule wa bei mbili:
bei ya risiti, na bei ya "tusaidiane."
Nilisaidiana naye mara moja.
Naandika hapa, kwa kuwa hapa sitozwi.

Leo mchana akaja Enesia, kutoka Bulongwa,
mtoto mgongoni, mkononi sweta alilolifuma mwenyewe
badala ya barua ya maombi.
Nililigeuza ndani nje nikitafuta alipounga uzi.
Sikupaona.

Ninao tisa. Wa kumi akiingia, inaingia naye tozo ya ujuzi,
nayo haimtazami yeye peke yake,
inapita kwa wote kumi, mmoja baada ya mwingine.
Shemeji yangu Festo, ambaye ushauri wake hauna risiti, kasema:
"Mwite kibarua. Au usimwandike kabisa.
Nani atahesabu vichwa kwenye ukungu huu?"

Mimi. Nahesabu tangu magharibi.
Nimetoa bei ya nyuzi, nimetoa kodi ya pango,
nimetoa faini ya mwezi ule niliokuwa hospitali Ilembula
na hakuna aliyejua neno la siri ila mimi na homa yangu.
Kinachobaki kinatosha. Kinachobaki hakitoshi.
Inategemea Uwemba.

Mfumaji akiacha kitanzi kimoja, sweta halipigi kelele.
Linavaliwa, linafuliwa, linasimama gwaride asubuhi.
Mpaka siku mtoto anajua jibu,
ananyoosha mkono juu,
na kwapa linafunguka mbele ya darasa zima.

Enesia akichomwa sindano ya mashine, atakuwa nani?
Akizeeka, atamwonyesha nani miaka aliyokaa hapa?
Atatoa karatasi nyeupe?

Nimempigia simu. Jina kamili.
Mahenge, yenye h.
Namba ya kitambulisho? Namba anayo,
kadi bado, mwaka wa tatu sasa.
Inatosha, nikamwambia, nisijue kama inatosha.

Saa tano usiku. Kwenye kioo kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Nimeweka kidole juu ya mstari wa kumi
nisije nikasinzia
nikaamka nimepata akili.